Gauni Lisilobana

Mdogo wangu mpenzi,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa dada yako. Natumaini barua hii inakukuta mzima, goti limetulia, na wajukuu hawajakumaliza bado. Hapa kwetu tunapumua. Shemeji yako angekusalimu, ila hajui kama nakuandikia, na naomba abaki hivyo hivyo mpaka barua ikufikie. Kabla hujaanza kuhangaika, hakuna aliyekufa. Vaa miwani yako ukae chini, usisome umesimama jikoni.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Nyumba yetu unaijua, vyumba viwili na kuta nyembamba, na mimi sauti yangu ni ya kuamsha abiria. Nikisema neno sebuleni, jirani wa chini anajibu. Halafu mambo haya nikiyasema kwa simu nitayasema nusu, nusu nyingine itageuka kilio.

Kazi niliyofanya unaijua. Miaka yote ile ya kukagua tiketi kwenye treni ilinifundisha kwamba mtu mwenye kosa hujitangaza mwenyewe. Ukifungua mlango wa behewa analala ghafla. Anakupisha kwa heshima iliyozidi. Anakuuliza habari za watoto wako kabla hujamuuliza habari ya tiketi yake. Basi mwaka juzi, muda mfupi baada ya kustaafu, nikaanza kuziona dalili hizo nyumbani kwangu, kwa mume wangu, fundi cherehani mpole ambaye mtaa mzima unamsifu.

Ilianza na gauni la bluu, lile nililovaa siku waliponiaga kazini. Nilifungua kabati nikakuta halipo. Nikamuuliza, akasema amelipeleka dukani kwake maana pindo lilikuwa limeachia. Mdogo wangu, gauni lile nililipiga pasi mwenyewe na pindo halikuwa limeachia hata uzi. Baada ya siku kadhaa likarudi, limetundikwa pale pale, linanukia mvuke wa pasi na mafuta ya cherehani. Kisha ikaondoka sketi ya kijivu. Kisha blauzi mbili kwa mpigo. Kila kitu kiliporudi, fundi wetu alikuwa mchangamfu kupita kiasi, anasifia nilivyopendeza, na mkononi ana boksi la keki kutoka duka la mikate. Keki, kila jioni! Mwanamume ambaye tulipokuwa wachumba aliniletea zawadi ya pakiti ya sindano. Zile keki nilizila zote, sikatai, lakini nilizila kwa hasira, nikijua kabisa kwamba nahongwa.

Halafu kuna huyu Mama Lesi. Jina lake halisi silijui wala sina haja nalo. Ndiye mjane anayeuza vitambaa mkabala na duka la shemeji yako, mwanamke mnene mwenye kicheko kinachosikika mtaa wa pili. Siku moja nilipita nikamkuta mume wangu amesimama mlangoni kwake, penye mwanga, ameshika kipande cha kitambaa cha bluu, bluu ile ile ya gauni langu, anakilinganisha na vingine. Wanacheka. Nilipotokea kicheko kikakatika kama redio iliyochomolewa. Mama Lesi akaniuliza habari za watoto. Na wewe nimeshakuambia kuhusu watu wanaouliza habari za watoto.

Nikajumlisha. Anachukua nguo zangu, anakaa nazo siku kadhaa, ananunua vitambaa vya rangi zile zile. Ama anamshonea mtu nguo za kufanana na zangu, ama zangu zenyewe zinavaliwa na mtu, zinafuliwa, kisha narudishiwa mimi. Nilinusa makwapa ya magauni yangu mwenyewe, mdogo wangu, kwa umri huu! Nikawa nashinda nikimchungulia dukani, na nikirudi kupanda ngazi zetu, moyo unadunda mpaka masikioni, pumzi inakata, nashika ukuta. Nikasema huu ni wivu. Nikishiba mchana nasinzia pale pale mezani, nikasema ni mawazo. Nyuma ya shingo pakawa peusi, ngozi imekuwa nene na laini kama mahameli. Nilipasugua kwa dodoki mpaka pakawaka, nikasema ni mkufu wa bandia alioniletea mume wangu. Hakuna kilichoniuma ambacho sikumbandikia yeye.

Siku moja nilikwama katikati ya ngazi, siwezi kupanda wala kushuka, jirani akanipeleka kliniki. Foleni ilifika nje na mzani wao ulikuwa umeharibika. Daktari ni binti mdogo, angeweza kuwa mkwe wangu. Alinipima presha akaikuta juu, akaniuliza kama nimeongezeka siku za karibuni, kama nguo zimeanza kunibana, hasa tumboni. Nikacheka. Nikamwambia gauni hili unaloliona ndilo nililoagwa nalo kazini, na mpaka leo linanikaa vile vile. Aliniangalia mikono, ambayo ni miembamba kama unavyoijua, akaliangalia gauni lilivyoniteremka bila kubana popote, akaniamini. Akaniandikia dawa ya presha na kunisihi nipumzike. Nilitoka pale kifua mbele, nikapitia dukani kumchungulia mume wangu.

Mwisho nikamtegea. Nilichukua lile gauni la bluu nikaligeuza ndani nje, nikashona kiuzi cheupe kwenye mshono wa pembeni, chini ya kwapa, mahali ambapo mtu hatazami. Nikalirudisha kabatini. Halikukaa sana likaondoka. Liliporudi, nilingoja aende kazini, nikafunga mlango kwa ufunguo na kuligeuza tena. Kiuzi changu hakipo. Nikasema leo nimekukamata. Nikachukua wembe nikafumua ule mshono taratibu, nikitafuta sijui nini, labda unywele, labda harufu ya mtu.

Nikakuta ukanda. Kitambaa cha bluu kilichoingizwa pembeni kuanzia kwapani mpaka kwenye pindo, kimeshonwa kwa ustadi ambao usingeuona hata kwa tochi. Ubavuni mwake ukanda mwingine, umefifia kidogo. Na mwingine tena, wa zamani zaidi. Upande wa pili hivyo hivyo. Nilijawa na furaha ya ushindi, maana ushahidi huu hapa mkononi: anayapanua magauni yangu yamtoshe yule mwanamke mnene! Nikamwona Mama Lesi anatembea ndani ya gauni langu la kuagwa. Nilitukana peke yangu chumbani, matusi ambayo siwezi kukuandikia.

Nilipochoka kutukana, akili ikarudi. Kama gauni limepanuliwa limtoshe Mama Lesi, mimi lingenipwaya kama gunia. Mbona juzi nimelivaa na limenikaa? Nikatoa kanda zote, nikaunganisha kitambaa cha asili kwa pini, nikajaribu kulivaa. Halikupita tumboni. Nilibana pumzi, nikavuta, halikukaribia hata kidogo. Nikasimama mbele ya kioo na gauni limekwama, nikalitazama lile tumbo kama abiria aliyesafiri safari nzima bila kukaguliwa. Yule mwanamke mnene alikuwa mimi.

Nilimfuata dukani, nikaliweka gauni juu ya cherehani yake. Alilitazama, akavua miwani, akaanza kulia kabla mimi sijaanza. Akasema siku zile nilipoacha kazi nililijaribu gauni lile, zipu ikakataa, nikakaa kitandani nikalia kwamba nimekwisha, kazi imeondoka na mwili umeondoka. Asubuhi yake alilibeba akaliongeza kidogo tu. Nilipolivaa tena nikacheka, nikasema kumbe zipu ilitaka kupakwa mshumaa. Akasema alikuwa na siku nyingi hajaniona nacheka, na tangu hapo hakuweza kuacha. Kila nilipoongezeka yeye alishatangulia, maana amepima watu maisha yake yote, anaona kwa jicho. Mama Lesi alimtafutia vitambaa vya kufanana, na ni huyo huyo Mama Lesi aliyemgombeza kila mara kwamba aniambie ukweli. Nikamuuliza, na keki je? Akasema alipenda kuniangalia nikila.

Hasira niliyokuwa nayo sijui hata niiite nini. Mtu unajiandaa kwa miaka miwili kumfumania mumeo, halafu unamfumania anakupenda.

Nilirudi kliniki na gauni pamoja na kanda zake kwenye mfuko. Yule daktari aliziangalia zile kanda, akanipima kiuno kwa tepu, akaagiza nije siku ya pili kabla sijala nitolewe damu, kisha nikapimwa moyo. Amenieleza hivi, na mimi nakueleza hivyo hivyo. Ukila, chakula kinageuka sukari ndani ya damu, na insulini ndiyo inayobisha hodi ili mwili ufungue na sukari iingie ndani itumike. Kwangu hodi inapigwa, mwili umekuwa sugu, hausikii. Kongosho linatoa insulini zaidi na zaidi. Hali hii haina homa wala maumivu, mtu anaweza kukaa nayo miaka huku inapandisha presha na kuharibu mishipa ya damu, kisukari chenyewe bado hakijafika. Sukari yangu iko mpakani, haijavuka. Lakini ukuta wa moyo umeshaanza kuwa mnene kwa kusukuma damu kwa nguvu. Kumbe nilichokiita wivu kule ngazini kilikuwa moyo unaomba msaada. Hata ule weusi wa shingoni ni alama mojawapo. Na umri wetu huu unadanganya, misuli ya mikono na miguu inapungua huku tumbo linajaa, watu wanakuona mwembamba na wewe mwenyewe unajiona mwembamba. Nilimuuliza kama nimechelewa. Akasema nimechelewa kuanza, sijachelewa kupata nafuu.

Basi sasa nameza dawa zangu, keki zimekwisha, na kila tukimaliza kula shemeji yako ananitoa tukatembee. Nimemsamehe, ila begi lake nalikagua kila jioni.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Jana tukiwa matembezini nilimuuliza kama amewahi kumfanyia hivi mtu mwingine. Akanyamaza. Ukimya ule mimi naujua, ni wa mtu anayejipapasa mifuko kutafuta tiketi ambayo hana. Nikasimama katikati ya njia, nikamwambia sisogei. Ndipo akasema: na mdogo wako pia.

Tangu ulipofiwa na mumeo, mdogo wangu. Magauni yote unayomtumia abadilishe zipu, afupishe pindo, kwa kuwa humwamini fundi mwingine, yote ameyaongeza pembeni. Anasema ulikuwa na majonzi mengi, hakutaka nguo nazo zikusimange. Na wewe juzi tu kwenye simu ulijigamba kwamba una mwili ule ule wa siku ya harusi yako. Nilimkumbuka mama yetu, mikono miembamba, magauni mapana ya kujishonea mwenyewe, hakuumwa siku hata moja, na asubuhi ile akaanguka mlangoni asiinuke tena. Tulisema ni ghafla. Sasa sidhani kama ilikuwa ghafla.

Gauni lako la zambarau ulilolituma mwezi uliopita limo kwenye kifurushi hiki. Nimelichukua dukani bila yeye kujua. Nimelifumua pande zote mbili, nikatoa kila alichoongeza, nikalishona upya kama lilivyokuwa siku ya kwanza. Mishono imepinda, utanisamehe, mimi si fundi. Livae leo, mbele ya kioo, ukiwa peke yako. Likipita na zipu ikapanda, nichekeni wewe na wajukuu wako mpaka mchoke. Zipu ikikataa, lia kidogo kama unataka, lakini gauni usilirudishe huku. Nenda kliniki kabla hujala, wakupime kiuno, damu na moyo, waambie na habari ya mama. Na wakikuuliza kama nguo zimeanza kukubana, sema ndiyo.

Wabusu watoto wote kwa ajili yangu. Wiki ijayo nitakupigia, na nitataka kusikia majibu, si habari za hali ya hewa.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na nisiyekuamini.