Vidonge vya Baba

4 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Hamjambo wewe na Mama? Mimi mzima, ila baridi ya maabara inanitesa.

Nina habari tamu. Tumegundua mafuta fulani yanaulinda ubongo wa panya damu inapokatika ghafla. Ubongo wenyewe umejaa mafuta, Baba! Na huyo daktari wako anavyoyaogopa mafuta, mwambie aje nimfundishe.

Mwanao

2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima, mama yako anakusalimu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Vile vidonge vya kupunguza lehemu, mafuta ya kwenye damu, nimeviacha. Kwa nini nifukuze mafuta yanayonilinda? Hata misuli imeacha kuuma. Natengeneza saa dukani kwangu siku nzima, mkono hautetemeki. Kama nimekosea niandikie, wewe ndiye mtaalamu wetu.

Baba yako

29 Juni

Baba,

Shikamoo. Unaendeleaje? Nijibu hilo kwanza.

Barua yako nimeifungua leo. Ilikaa kwenye mkoba wangu tangu Aprili, nikijiambia nitaisoma nikimaliza majaribio. Najuta, Baba. Anza tena vidonge leo hii! Mafuta niliyoyasema ni mengine kabisa. Lehemu ikizidi huganda kwenye mishipa na kuziba njia ya damu. Nilikuwa nafanya mzaha, nikasahau kwamba unaniamini.

Nimepiga simu ya dukani tangu asubuhi, haipokelewi.

Mwanao

20 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Naendelea vizuri kuliko mwezi uliopita.

Uvumilie mwandiko, natumia mkono wa kushoto. Duka limefungwa. Kiharusi kilinipiga tarehe kumi na mbili Mei, nikiwa nimeshika saa ya mteja. Wa kulia haushiki hata kijiko. Nilimkataza mama yako asikuandikie, usije ukaacha kazi.

Sitakudanganya, naikosa kazi yangu. Asubuhi huwa nalia kidogo.

Mama yako anaamini nilisahau vidonge kwa uzembe. Ananigombeza kila siku akinilisha uji, nami naitikia. Barua yako ya Machi na hii ya Juni nimezichana kabla hajaziona. Kuchana karatasi kwa mkono mmoja si mchezo, nimetumia meno.

Ukija likizo utamkuta bado ananigombeza. Kaa kimya, mwanangu. Mwache aendelee.

Baba yako