Breki za Pikapu ya Baba

3 Machi

Shikamoo Baba,

Natumai goti limepoa na Mama hajambo. Mimi mzima, na kazi gereji zipo.

Nilipokuja juzi nilifungua gurudumu la nyuma la pikapu ukiwa umelala. Viatu vya breki vimekwisha, chuma kinasaga chuma. Silinda inavuja, mafuta ya breki meusi kama kahawa ya jana. Nilikuambia, ukacheka. Humo nyuma unapakia watoto wa majirani kila asubuhi kuwapeleka shule, na ule mteremko wa sokoni unaujua. Iegeshe, Baba. Mwisho wa mwezi nitakuja na vipuri nifunge mwenyewe. Usipoiegesha, nitawaambia wazazi wao.

Mwanao

9 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti halijambo, ila roho imechafuka. Nilishika usukani kabla mama yako hajanijua. Breki za gari langu nazijua: unakanyaga mara mbili, ya pili inashika. Spana nilikufundisha mimi, leo unanitisha? Thubutu uwaambie watu, utanijua mimi ni nani.

Baba yako

2 Aprili

Mwanangu,

Hali sikuulizi. Jana asubuhi nilipiga honi kila mlango, hakutoka mtoto. Mama wa mapacha akasogea dirishani, akasema polepole, "Mzee, binti yako ametupigia simu." Kisha akaniomba radhi, kana kwamba yeye ndiye aliyenikosea. Nikageuza gari tupu, mtaa mzima unachungulia. Miaka yote hii sijamkwaruza mtoto wa mtu. Umenivua nguo hadharani.

Baba yako

8 Aprili

Shikamoo Baba,

Najua nimekuumiza. Radhi siombi, usiingoje. Nilikuja na vipuri kama nilivyosema, ukanifungia geti. Ulitaka nifanye nini, nisubiri siku ambayo hata ukikanyaga mara ya pili haishiki? Na mimi nina hasira. Aibu yako umeiona kubwa kuliko roho za wale watoto. Vipuri nilimpa Mama kupitia juu ya ukuta.

Mwanao

29 Aprili

Mwanangu,

Nimefungua magurudumu yote. Nyuma viatu vipya na silinda, mbele pedi, mafuta nimemwaga yote nikatia mapya. Mama yako alikanyaga, mimi nikatoa hewa chini, mpaka pedali ikawa ngumu. Mpira wa ile silinda ya zamani ulimeguka mkononi mwangu kama mkate. Mama yako sikumwonyesha. Nimeushuka mteremko peke yangu, nikapanda, nikaushuka tena. Inashika mara moja. Watoto wamerudi.

Wewe usirudi. Siku nikikutaka nitakuita.

Baba yako

4 Mei

Shikamoo Baba,

Sawa, sitakuja.

Viatu vipya hulegea vikishazoea. Wiki ijayo vikaze, na utazame kama silinda imelowa. Mafuta yakipungua usiongeze tu, tafuta panapovuja.

Hasira zangu hazijaisha. Zako kaa nazo mpaka zikutoke. Simu yangu haizimwi.

Mwanao