Mazishi Yetu ya Chawa

Opendi, ndugu yangu,

Ni miezi mitatu sasa tangu homa ikuchukue. Chumba chetu nyuma ya fundi cherehani nimekifunga, na ule ubao wa "Opendi na Wandera, Matangazo ya Kila Aina" nimeugeuzia ukutani. Nakuandikia kwa sababu kuna jambo nililofanya siku ya kukuzika, na Busia nzima inalijua isipokuwa wewe.

Ile kampuni ya Kampala ilipotaka kutuajiri, uliwacheka. Ulisema, "Hao nachora sabuni kwa ukuta. Sisi naingiza sabuni kwa roho ya watu." Ukabuni mazishi ya chawa. Ulijua kwamba huku kwetu jeneza likipita, mtu hushuka baiskeli na kuvua kofia, na wanawake huanza kulia kabla hata ya kuuliza ni nani. Tukalibeba sanduku hadi sokoni, wewe ukiomboleza kuliko mjane, kundi la watu likitufuata. Tulipolifunua, ndani tele sabuni za mwenye duka aliyetulipa, nawe ukatangaza kwamba marehemu ni chawa. Watu walicheka hadi wakakaa chini. Tukarudia Malaba, tukarudia Tororo, kisha tena hapa. Nilifurahi mno, sikufichi.

Halafu ukafa kweli.

Mama yako alikuja kutoka Paya, akakuosha, akakufunika uso kwa leso yake mwenyewe. Tulikupitisha sokoni kwenda kwenye lori la kukurudisha Paya. Hakuna aliyevua kofia. Watoto walikimbia mbele wamekinga mikono wapewe sabuni. Muuza samaki mmoja akaita, "Opendi, toka basi, tumekujua." Soko likaangua kicheko, mama yako akitembea katikati yake.

Niliwaambia ni kweli. Nililia, Opendi, na kadiri nilivyolia ndivyo walivyocheka, maana machozi yangu walishayaona kwenye mazishi ya chawa. Hapo akili ikaniruka. Nikaamuru jeneza liwekwe chini, nikalifungua, nikaivuta ile leso.

Kofia zikavuliwa zote. Muuza samaki alipiga magoti kwenye tope.

Nimekwenda Paya mara mbili. Mara ya kwanza mama yako hakutoka. Mara ya pili alisimama mlangoni akasema, "Mimi nafunika mtoto yangu. Wewe nafunua yeye sokoni kwa nini?" Nilitaka uheshimiwe, hilo ni kweli. Lakini nilitaka pia waniamini mimi, na hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Juzi alikuja mwuzaji wa dawa ya kikohozi. Anataka mazishi. Akanisifu kwamba yale ya mwisho yalikuwa makali kuliko yote. Nilimtoa kwa matusi.

Pumzika, ndugu yangu. Nisamehe ukiweza. Jumapili nakwenda Paya tena, na safari hii nachukua jembe. Wimbi la mama, huo ulezi wake, limeingiwa na magugu na mwana wa kulipalilia hayupo. Nitapalilia hadi mwisho wa shamba, aniite ndani au asiniite.

Wako,
Wandera