Kwa Sanobar, Kuhusu Kiapo cha Marehemu Dauren

Khujand, nyuma ya kiwanda cha zamani cha hariri
Jumanne, 19 Novemba 2024

Mpendwa mdogo wangu Sanobar,

Assalamu alaykum wa rahmatullah. Kwanza nikujulie hali. Umeamkaje huko kwenye baridi? Goti limepoa, au bado unalikokota ukishuka ngazi? Na shemeji Bakhtiyor, kifua chake kimetulia? Nimesikia Karaganda theluji imekwisha kuanguka mara mbili. Vaa soksi za sufu mbili mbili, usione haya, umri wetu hauchekwi tena.

Sisi huku miili ni mizima, alhamdulillahi. Baba Dilovar bado yuko Urusi kwenye ujenzi, atarudi mwezi wa pili Mungu akipenda. Paa la upande wa jikoni tumeliziba. Binti wa jirani, yule mwenye sauti ya bata, ameolewa Isfara, na mama yake sasa analalamika nyumba imekuwa kimya.

Utajiuliza kwa nini naandika na simu tunapigiana kila Jumapili. Neno hili nimejaribu kulisema mara tatu, nikaishia kukuuliza habari za theluji. Tena Dilovar yuko chumba cha pili, na ukuta wetu unaujua ulivyo mwembamba. Basi soma polepole, na nilipokosea herufi unisamehe. Mimi darasa la nane ndilo mwisho wangu.

Unajua Dilovar anacheza mchezo wa kompyuta na watu wa mbali. Kila mmoja ana mtu wake humo, anamlea kutoka sifuri, anamvisha, anamfundisha silaha, miaka na miaka. Kwa wachezaji wengi, mtu wako akiuawa huinuka tena baada ya muda mfupi, mkaendelea. Lakini chama cha Dilovar kimekula kiapo. Kwao aliyekufa amekufa. Mwenyewe humfuta kwa mkono wake, na jina lake halipewi mwingine milele. Nilikuwa nikiwacheka. Nilimwambia, mwanangu, kufa kwa kweli kupo bure, nyinyi mnakutafutia nini kwenye umeme?

Aliyemwingiza chamani ni mtu wa huko kwenu, Dauren, fundi umeme wa mgodini. Ndiye aliyemfundisha kubeba ngao. Mbeba ngao husimama mbele, mapigo yote humwangukia yeye, na wenziwe huwa nyuma yake kama watoto nyuma ya mama. Mwaka ule Dilovar alipougua mapafu, Dauren alimtumia kwa posta mkanda wa sufu wa kufunga kifuani. Hawakuwahi kuonana uso kwa uso.

Dauren alifariki miaka miwili iliyopita, moyo ulisimama akiwa kazini. Mungu amrehemu. Mkewe anaitwa Raushan. Hakuujua mchezo, lakini alijifunza kidogo, kwa sababu yule mtu wa Dauren alikuwa bado hai humo ndani. Kila Jumapili mchana alimfungua, akampeleka mtoni, akavua samaki, akawasalimu wenzake, akamfunga. Hakupigana hata siku moja. Aliogopa.

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Ijumaa ya tarehe kumi na moja Oktoba, baada ya alasiri, chama kilikuwa na vita vikubwa walivyovingoja miezi minane. Mtu mmoja akakosekana, na bila idadi kutimia mlango wa huko haufunguki. Dilovar ndiye aliyemwomba Raushan aje. Nilimsikia kwa masikio yangu nikiwa napita na unga. Alimwambia: "Dada Raushan, wewe simama tu nyuma yangu. Nyuma yangu hakuna kitakachokufikia."

Nusu saa baadaye akaingia Hoji Abdurahim, shemeji yangu mkubwa, bila taarifa kama kawaida yake. Nikatandika kitambaa cha chakula, nikaweka chai. Nikamwita Dilovar aje na birika na beseni amnawishe baba yake mkubwa. Akajibu bila kugeuka kwamba nimpe dakika tano. Nikamwita tena. Akasema, mama, tano tu, nakuomba, siwezi kuachia hapa.

Hoji alikuwa amesimama na mikono mbele, mikavu. Unamjua ulimi wake. Akasema: "Mwacheni mwanajeshi wetu. Mimi nitanawa kwa mate kama paka."

Akacheka, lakini mimi uso uliniwaka. Niliona habari itakavyofika kwa wifi zangu kabla ya magharibi, kwamba mwana wa Mastura hamwinukii mkubwa wake. Niliingia chumbani, nikamvua hedifoni kichwani kwa mkono wangu huu. Nikamwambia: "Baba yako mkubwa yuko na mikono mikavu, na wewe unaniambia dakika?"

Alinitazama mara moja. Kisha akainuka, Sanobar. Hakubisha. Akachukua birika, akamwagia mzee maji, akampa taulo, akasimama na kichwa chini mpaka alipoombewa dua. Maji aliyamwaga kwa haraka, Hoji akamtania kwamba amemnawisha mpaka kwapani. Mimi nilicheka pia.

Aliporudi chumbani watu sita wa chama walikuwa chini, wameuawa. Na mmoja wao ni yule wa Dauren.

Sikujua. Nilidhani amenuna tu. Aliniletea sahani jikoni, akaniambia amechoka, akalala. Yote haya nimeyapata baada ya wiki mbili kwa Parviz, kijana wa duka la vioo, ambaye naye yumo chamani. Alikuja kumtafuta Dilovar hakumkuta, nikamkalisha, nikamnywesha chai mpaka akasema.

Alisema watano wengine walifuta watu wao, wakalia kidogo, wakaanza upya. Lakini kwa Raushan chama kizima kilikaa kikao. Wakamwambia mchezo wenyewe unaruhusu kumwinua, ni kiapo tu kinachozuia, na wao wote wamekubali kukifungua kwa ajili yake. Ainuke, arudi mtoni kwake. Hakuna atakayesema neno.

Raushan aliwaandikia mstari mmoja, Parviz alinisomea kwenye simu yake. "Aliyeapa ni Dauren, si mimi. Sina ruhusa ya kumvunjia kiapo mume wangu." Akamfuta. Tangu siku ile hajibu mtu yeyote.

Unakumbuka joho la marehemu baba, lile la mistari ya kijani, mama alivyolikunja sandukuni? Tulikuwa tukimkuta ameingiza uso ndani yake, tunarudi kinyumenyume. Basi ni kama mimi nimelichukua lile joho nikawashia tanuri, mama akitazama.

Halafu kuna hili, na hili ndilo linaloninyima usingizi. Walipomuuliza Dilovar kwa nini aliwaacha, alisema aliinuka mwenyewe. Hakunitaja. Wakamtoa chamani. Parviz mwenyewe hakuujua ukweli mpaka nilipomwambia mimi, na kikombe kikamtoka mkononi.

Nilimngoja Dilovar arudi kutoka kazini, nikamwambia najua. Nikamwambia, nigombeze basi, nipigie kelele, mimi mama yako nakuruhusu leo. Akaketi. Akanimiminia chai. Akasema: "Nikugombeze nini, mama? Uliniita, nikaja." Nikamwuliza kwa nini hakuwaambia wenzake. Akasema: "Niwaambie mama yangu ndiye aliyemuua Dauren?"

Ndivyo alivyosema. Hakukusudia kuniumiza, alikuwa anajibu swali.

Anaswali, anakwenda dukani kutengeneza simu za watu, anarudi. Kompyuta ameifunika kwa shuka. Anakula nusu mkate kwa siku, na suruali anaishikilia kwa mkanda wa baba yake. Ananiitikia kwa adabu ileile, na adabu yake sasa naiona kama maji ya moto. Nilimlea ainuke akiitwa. Aliinuka.

Nilikwenda kwa Bibi Karomat anayetusomesha Kurani, nikamweleza nikiogopa atanicheka. Nilimuuliza kama inafaa kumsomea Fatiha mtu wa kwenye kompyuta. Akasema picha haisomewi. "Lakini Dauren alikuwa mwanadamu na Mwislamu, msomee yeye. Na mjane ni mwanadamu. Wewe umekwenda kumpa pole?" Nikamwambia bado. Akasema basi umekuja kwangu kutafuta nini.

Mimi siwezi kufika Karaganda, wewe uko hapo hapo. Anwani ilikuwa kwenye karatasi ya ule mzigo wa mkanda, nimeinakili nyuma ya barua hii. Rustam wa lori la matunda atakupa pamoja na barua mikate minne ya tanuri yangu na aprikoti kavu, zile tamu za mti wa ukutani.

Nenda mchana, si jioni, mjane asishtuke na mgeni wa giza. Usimpigie kwanza, maana kwenye simu mtu anaweza kukataa kabla hajaona uso. Mwambie wewe ni mdogo wake Mastura, mama wa Dilovar, na kwamba mkono uliomtoa Dilovar mbele yao ulikuwa wa dada yako. Usinitetee. Usimwambie sikujua. Kutojua kwangu hakumrudishii kitu.

Akikukaribisha, kaa, msomeeni Dauren. Akitaka kulia mwache alie, wewe usimtangulie. Usimwombe Dilovar arudishwe chamani, sikutumi kwa hilo. Lakini asikie kwako, kabla ya mwingine yeyote, kwamba mwanangu hakuwaacha kwa kupenda. Hilo tu nalitaka. Asipofungua, mkate usiuache chini mlangoni, mpe jirani yake yeyote na jina langu.

Dilovar hajui kwamba nimekuandikia.

Nisalimie shemeji Bakhtiyor, na Shahnoza na mumewe, na kile kitoto chao kipya ukibusu visigino kwa niaba yangu. Shangazi Hikoyat wa Konibodom anakusalimu, anasema umemsahau. Mungu akulinde na barafu ya njiani, akupe goti jepesi, na akupe maneno mlangoni kwa yule mama, mimi yangu yamekwisha.

Unijibu upesi, mdogo wangu, kwa karatasi na umpe Rustam akirudi. Hata kama hakufungua mlango, niandikie hivyo hivyo.

Dada yako akupendaye,
Mastura