Barua za Maabara Zinakataliwa

Jumatatu, 7 Oktoba 2024
Docteur Patrice amepiga simu kutoka Yanonge, amekasirika kabisa. Majibu ya damu ya mama Augustine, muuza samaki mwenye homa isiyoshuka, hajayaona mpaka leo. Mimi nimeyatuma tangu Alhamisi! Nimefungua seva yetu – kumbe barua pepe zote za maabara zinakataliwa huko zinakokwenda. Sababu ile ile kila mara: seva yenu ina sifa mbaya.
Sifa mbaya! Sisi, watu wa kupima damu na mkojo hapa Kisangani!
Nimemtumia Patrice majibu kwa anwani yangu binafsi. Akasoma, akabadilisha dawa papo hapo. Dawa aliyokuwa anampa mama wa watu siyo yenyewe. Tangu Alhamisi!

Jumanne, 8 Oktoba
Papa Hugues, mkurugenzi wetu, kanigombeza. Siri ya mgonjwa haipiti kwenye anwani ya mtu binafsi, donc, basi, nisirudie. Sawa. Lakini mgonjwa mwenyewe anaendeleaje? Hakuuliza. Hata neno!
Nimemweleza tunahitaji relais: seva yetu inaandika barua, kampuni ya nje yenye jina zuri inazipokea na kuzifikisha. Akasema nifanye, na haraka.

Jumatano, 9 Oktoba
Asubuhi relais imetukubali. Barua ya kwanza imefika hospitali ya Isangi – nimecheza peke yangu ofisini! Mchana akaunti imefungwa. "Shughuli za kutiliwa shaka." Shughuli gani? Ni kwa sababu tunatoka Congo, basi. Wakisikia Kisangani wanaona wezi tu. Nimewaandikia kwa Kifaransa chote nilichofundishwa na masista, na kingine ambacho masista hawakunifundisha.

Ijumaa, 11 Oktoba
Wamejibu. Mtu kweli, siyo mashine. Anasema nchi yetu haihusiki. Jumatano ile ile maelfu ya barua yalitoka kwenye seva yetu, tangazo la vipimo vyetu kwa bei ya promosheni, kwenda kwa watu ambao hawakutuomba kitu. Ameniwekea moja nione. Picha ya Papa Hugues na koti jeupe, meno yote nje!
Nikamuuliza Sadrack wa mapokezi. Akacheka: "Ah yaya, dada yangu, unashangaa nini? Papa iko natuma ile tangu mwezi wa saba. Alinunua adresi za watu."
Mwezi wa saba! Basi sifa mbaya si uongo. Ni yake, na tumeibeba wote. Mama Augustine ameibeba kuliko sisi.
Nimewaomba radhi watu wa relais. Watafungua, kwa sharti moja: tangazo lisitoke tena. Nimebadilisha neno la siri la seva. Sikuomba ruhusa ya mtu.

Jumatatu, 14 Oktoba
Akaunti imefunguliwa! Majibu yote yamefika, Yanonge, Isangi, kote. Patrice anasema homa imeshuka, mama Augustine ameketi na anadai apikiwe pondu.
Halafu Papa Hugues kaingia, anasugua mikono. "Bon, relais inatembea? Alors tutume promosheni ya mwisho wa mwaka. Mashine inanikatalia, nipe neno la siri."
Nikamwambia wataifunga tena, na wagonjwa watakosa majibu.
"Malika, maabara ni ya nani?"
"Ni yako, papa."
"Donc?"
Nikasema naenda kunywa maji. Nimekuja chumba cha friji za damu, nimefunga mlango. Ndipo ninapoandika sasa.
Anagonga. Anasema nisipotoka, nitafute kazi kwingine. Sifungui! Sasa anamwita Sadrack alete ufunguo wa akiba.
Namsikia Sadrack anajibu, taratibu kabisa: ufunguo hauonekani, papa, ngoja nitafute.
Uko mfukoni mwake. Nimemwona nao asubuhi hii.
Papa Hugues anagonga tena –