Joto Lililotoka Kwenye Barafu

Husby, Stockholm

Mama yangu mpenzi,

Kamwene! Na shikamoo juu yake. Magoti yameamkaje? Mmeshaandaa shamba la viazi, au Baba bado anabishana na mawingu? Sisi huku hatujambo. Mjukuu wako Furaha amenipita urefu. Nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiswidi, nikinuna ndipo anaikumbuka lugha ya bibi yake.

Mama, nina habari. Bado niko kwenye lile bwawa la kuogelea la ndani, kule Farsta, nawaongoza wazee mazoezi ya majini. Lile jengo ni kubwa kuliko kanisa letu, na kulipasha joto wakati wa baridi si mchezo. Miaka yote tulitegemea boila ya mafuta, bomba lake likifuka moshi juu ya paa. Mwaka huu ikaamuliwa iondolewe, kwa sababu hewa ukaa inayotoka humo inaharibu majira ya dunia nzima, hata hayo ya kwenu.

Jirani yetu ni uwanja wa barafu, ambako watu huteleza kwa viatu vya chuma. Kumbe ili maji yagande, mashine lazima iyanyang'anye joto, kama friji ya shangazi inavyopata moto mgongoni. Joto lote hilo lilikuwa linapulizwa nje, linapotea bure. Sasa wakuu wetu wakataka kulileta kwetu kwa mabomba.

Tulipoitwa mkutanoni, Mama Spes akasimama na mkongojo wake. Huyu ni Mrundi, mjane, jirani yangu hapa Husby. Alivunjika nyonga kwa kuteleza njiani, na ni yale maji ya moto yaliyomrudisha kwenye miguu yake.

"Barafu ilinivunja," akasema kwa Kiswahili chake cha Bujumbura. "Leo ndiyo itanipikia maji?"

Watu wakacheka, lakini mimi niliona anaogopa kweli. Nikamshika mkono. "Mama Spes, maji yatakuwa ya moto kama zamani. Nakuhakikishia." Mimi si fundi, Mama. Niliamini tu.

Tukafunga majira yote ya joto. Siku ya kufungua, wazee walikuja na taulo zao kama wanaokwenda harusini. Maji yalikuwa vuguvugu la kukatisha tamaa. Mama Spes aliingia hadi magotini, akasimama, akanitazama. "Weye umesema," akaniambia. Alivaa akaondoka, na hakurudi tena.

Nikawa nabisha mlangoni kwake, binti yake ananiambia amelala. Baadaye akaninong'oneza kwamba mama anashinda dirishani na mguu umeanza kukaza. Roho iliniuma mno. Kuna siku nilitamani wairudishe ile boila na moshi wake wote.

Mhandisi wetu, dada mmoja aitwaye Karin, hakukata tamaa. "Joto lipo," aliniambia, "ila linaishia njiani." Yeye na mafundi wakafuata mabomba moja baada ya jingine, mpaka wakagundua sehemu kubwa ya joto inakwenda kwenye hewa ya ukumbini badala ya majini. Wakarekebisha. Asubuhi moja akaniita ukingoni: "Tia mkono." Mama, nilipiga kigelegele!

Nikaenda moja kwa moja kwa Mama Spes.

"Sitoki," akasema kutoka ndani.

"Njoo utie kidole tu. Kikikataa, nakurudisha mwenyewe."

Akatoka amenuna, tukapanda treni, tukabadilisha katikati ya mji. Pale bwawani akatia kidole. Akatia mkono. Kisha akaguna, "Eeh!" na kuniangalia kwa jicho la pembeni. Akashuka ngazi, akatembea ameshika chuma, halafu katikati akakiachia. Alivuka bwawa peke yake, mikono juu, wenzake wanapiga makofi, na Karin analia bila kuona haya.

Alipokwisha kuvaa akasema anataka kuwaona hao wanaotengeneza barafu. Tukaingia pale jirani, vijana wenye kofia ngumu wanakimbizana na vigongo. Akasimama kwenye ukuta wa kioo, akapaza sauti: "Telezeni, wanangu! Telezeni sana, mabibi tunaoga!" Hawakuelewa hata neno moja, lakini wote wakainua vigongo wakamsalimu.

Nisalimie Baba, Dada Tumaini na mumewe, Mjomba Festo wa mashine ya kusaga, na shangazi mwenye friji. Mwambie mchungaji bado naimba, ila sauti ya pili sasa. Nami nakatisha hapa, maana Mama Spes amenialika leo kula ugali wa muhogo na lengalenga, ndio mchicha wa kwao, na amesema nikichelewa atakasirika upya.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Upendo