Funguo Mbili Chini ya Bati Moja

Jumatatu, 3 Machi

Kulima tangu alfajiri. Ukungu umelala shambani mpaka saa mbili, naona jembe tu, miguu yangu siioni. Jana tumepata mwenyekiti mpya wa kijiji. Ni mume wangu, Baba Zubeda. Sisi wakulima tumewashinda wafugaji. Nimepiga vigelegele mpaka sauti imekauka. Raha tupu, sifichi.

Mwenyekiti wa zamani, ambaye safari hii hakugombea, alikuwa akigonga muhuri barua za kuuza ardhi ya kijiji, peke yake, sebuleni kwake. Ndipo mkutano mkuu ukaamua muhuri ukae ofisini, kwenye kisanduku cha kufuli mbili. Ufunguo mmoja wa mwenyekiti, wa pili wangu, mjumbe wa halmashauri. Huu mwaka wa nne nautunza. Leo Baba Zubeda kaja na wake. Zinaning'inia kwenye msumari mmoja, karibu na kioo.

Alhamisi, 6 Machi

Korogwe, Kilole, kwa binti yangu Zubeda. Nimemsimulia ushindi wetu, na funguo mbili msumarini. Kacheka mpaka mtoto wake kaamka. "Mama, yaani kijiji kizima mmekifungia chumbani kwenu?"

Nikacheka nami. Wakati wa kurudi sikucheka tena. Mashamba ya mkonge yanapita dirishani mwa basi, mistari haiishi, inafunguka na kujifunga. Nikasinzia. Nikaota kisanduku kiko wazi, kila anayepita anaingiza mkono. Wote watu wangu. Wote wananisalimia vizuri.

Jumapili, 9 Machi

Baba Zubeda kaandika barua. Eneo la malisho kule bondeni tugawiwe wakulima kabla mvua hazijaanza. Mkutano mkuu haujakaa. Anasema utakaa baadaye, si tumeshinda, wingi si wetu? Kweli. Na lile bonde nalitaka, Mungu anisamehe. Ule udongo mweusi nauona hata nikifumba macho. Wafugaji watanyweshea wapi? Sikuuliza.

Alipoutaka ufunguo wangu agonge muhuri, nimemwambia siuoni. Uongo mtupu. Nimeufunga kiunoni.

Jumanne, 11 Machi

Hasira. Habari za ufunguo zimevuja. Wanawake wa kikundi chetu wanasema namwonea mume wangu wivu. Shemeji kauliza niko upande gani. Jamani, niko upande wenu! Ndio huo huo ninaouogopa. Yule wa zamani alikuwa mwizi, kumkatalia ilikuwa kazi nyepesi. Huyu ni mtu mwema. Ananichemshia maji ya kuoga. Nitamkatalia mara ngapi?

Ijumaa, 14 Machi

Kikao cha halmashauri ya kijiji. Nimesimama. Nikasema ufunguo wangu haufai kulala nyumba moja na wa mwenyekiti. Apewe mzee Saitoti, mfugaji, yule yule aliyeshindwa na mume wangu.

Makelele, loo! Sauti zao nazisikia kwa mbali, kana kwamba niko chini ya maji. Wafugaji wakanyoosha mikono. Mwalimu wa shule naye. Na wawili wa kwetu, vichwa chini. Ikapita.

Mzee Saitoti kaupokea kwa mikono miwili. Baba Zubeda hakunitazama. Nimelia njia nzima, na sijui nalilia nini, ufunguo au yeye.

Alhamisi, 20 Machi

Joto. Hakuna jani linalotikisika.

Baba Zubeda karudi mchana. Aliipeleka ile barua ofisini. Mzee Saitoti kafika taratibu, kakaa, kataka asomewe yote, kisha kauliza muhtasari wa mkutano mkuu uko wapi. Haupo. Basi kufuli yake hakuifungua. Mkutano umeitishwa Jumamosi ijayo, wakulima na wafugaji, kila mtu aseme lake mbele ya watu.

Nimemwekea ugali na mlenda. Siku sita hajasema nami. Kala, kanawa, kisha kauliza:

"Ungekuwa nao ufunguo wewe leo, ungefungua?"

Nikamwambia ningefungua. Bila hata kusoma.

Kaitazama mikono yake. Kisha kasogea kwenye mkeka, kaniachia nafasi, nikakaa.